Ukungu umezidi kiwango: rubani wa ndege ndogo aruhusiwe kushuka "kuchungulia"?

Mtoa mada

Marekani, rubani anayeruka kwa shughuli zake binafsi anaruhusiwa kuanza kushuka kwa vyombo (akiongozwa na ala za ndege badala ya macho) hata kama uwanja umeripoti mwonekano wa mita 200 tu. Sheria inamsubiri chini: asipite kimo cha uamuzi (mahali pa kuchagua kutua au kughairi na kupaa tena) mpaka aone taa za kuongozea au njia ya kutua yenyewe, na mwonekano kutoka ndani ya ndege usiwe pungufu ya ule wa kwenye chati. Mwenzake anayerusha ndege ya kukodi hana nafasi hiyo. Ripoti ikiwa chini ya kiwango, haanzi. Ulaya wamekaza zaidi: mwonekano uliopimwa ukiwa chini ya kiwango, hata rubani binafsi hashuki kupita futi 1,000 juu ya uwanja.

Mimi niko na Ulaya, hasa kwa ndege yenye rubani mmoja. Tupige hesabu. Mteremko wa digrii 3, kasi noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa): ndege inashuka karibu futi 480 kwa dakika, yaani futi 8 kila sekunde. Ukiwa futi 200, kimo cha uamuzi cha kawaida, umebakiza takribani mita 870 kufika mwanzo wa njia, sekunde 19 hivi. Mwonekano ukiwa mita 550, unaona kipande cha taa tu, lami bado, na pua ya ndege imekuficha zilizo chini yako. Hapo mtu mmoja anainua macho kutoka kwenye vyombo, anatambua alichokiona, anaamua. Akisita sekunde 3, futi 24 zimekwenda. Na anayeamua kama kaona vya kutosha ni yuleyule mwenye haraka ya kufika. Refa na mchezaji ni mtu mmoja.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, hesabu yako siipingi. Ninachopinga ni kuifanya ripoti kuwa macho ya rubani. Ripoti ya kawaida hutoka kila saa au nusu saa, ukungu hausubiri. Kipimo cha mwonekano nacho kimesimama mahali pamoja, na benki ya ukungu inaweza kukifunika huku sehemu ya kutua ikiwa wazi. Kinyume chake pia hutokea.

Halafu viwanja vingi vidogo havina kipimo kabisa, kwa hiyo katazo la Ulaya haliwagusi wanaotua huko. Unamfukuza mtu kwenye uwanja wenye ILS (mwale wa redio unaoiongoza ndege hadi kwenye njia) na mita 900 za taa, anakwenda kwenye uwanja usio na ripoti wala taa. Umemsaidia nini?

Mchangiaji wa tatu

Mnabishana juu ya futi 200 za mwisho wakati kosa kwa kawaida limeshafanyika maili 6 nyuma.

Chukua altimita, kile kipima kimo kinachotumia presha ya hewa. Presha ya uwanja ni hektopaskali 1003, rubani ameiacha altimita kwenye 1013. Kila hektopaskali ni takribani futi 28, kwa hiyo altimita inasoma futi 280 zaidi ya ukweli. Kwenye ILS mwale haujui habari za altimita. Utamshusha vizuri tu hadi kwenye lami. Lakini sindano haitafika futi 200 kabla magurudumu hayajagusa. Maana yake huyo mtu hana kimo cha uamuzi kabisa, na hajui. Dawa ipo kwenye chati: imeandikwa kimo ambacho mwale unapaswa kuwa nacho kwenye alama ya mwisho kabla ya uwanja. Ukipita pale, kisome kwa sauti na ulinganishe. Futi 280 hazijifichi.

Ila kwenye taratibu za kushuka kwa setilaiti ambazo mteremko wake unakokotolewa kwa presha, ukaguzi huo haufui dafu: altimita na mteremko vinakosea pamoja, sindano imetulia katikati, nawe uko futi 280 chini ya mteremko sahihi. Huko kinga ni kuichukua presha kwenye ripoti, kisha kuithibitisha tena kwa mwongoza ndege kabla ya kuanza kushuka.

Kuna na hili la skrini za kisasa kuchora mteremko wa ushauri mahali ambapo utaratibu wenyewe hauna mteremko rasmi. Mstari unapendeza, rubani anaufuata kama ILS na kupitiliza kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa kabla ya kuiona njia. Chini ya kimo hicho hakuna aliyehakikisha kuwa mstari huo unapita juu ya miti na vilima.

Na anayeufukuzia mwale kutoka juu kwa futi 1,200 kwa dakika, kasi ikiwa kubwa mno hata kushusha flapu (vibao vya bawa vya kutulia), huyo aghairi mapema. Mwonekano hata ungekuwa kilomita 5, tatizo lake liko palepale.

Mtoa mada

Yote hayo sawa, lakini yananipa nguvu mimi. Mtu mwenye altimita iliyowekwa vibaya au kasi iliyozidi ndiye hasa nisiyetaka afike futi 200 ndani ya ukungu. Katazo linamlazimisha aamue kwenye futi 1,000, mikono ikiwa bado ina nafasi.

Mchangiaji wa nne

Swali dogo: kughairi mnakufanyia mazoezi lini? Marekani inadai kushuka kwa vyombo mara 6 ndani ya miezi 6. Nyingi hufanywa na kofia ya kuziba macho yasione nje, siku ya jua, na kofia ikivuliwa njia ipo mbele kila mara. Akili inazoea kwamba futi 200 ni mahali pa kuona.

Mchangiaji wa pili

Hapo umegusa penyewe. Ukighairi na kutia nguvu yote ya injini ndani ya wingu, sikio la ndani linahisi pua inainuka kupita kiasi, na mkono unataka kuisukuma chini. Kwa ndege nyingi za injini moja mpangilio ni nguvu, pua juu digrii 7 hadi 10 kwenye upeo bandia (chombo kinachoonyesha mlalo wa ndege), hakikisha altimita inapanda, ndipo upunguze flapu hatua moja. Redio mwisho.

Mtoa mada, nikupe nusu: katazo lifunge pale tu penye kipimo kwenye njia hiyohiyo ya kutua, kinachosoma wakati huohuo. Ripoti ya dakika 50 zilizopita isimzuie mtu.

Mtoa mada

Naichukua, kwa sharti moja: pasipo kipimo, kimo cha uamuzi kipandishwe kwa rubani aliye peke yake bila otopailoti. Kwa futi ngapi, hapo ndipo nataka kuwasikia.