Msaada wa haraka: nimeletewa kaa wa aina mbili, yupi anafaa kuliwa?

MgeniPwani
Habari zenu wadau. Mimi mtu wa bara, nimehamia Kilwa mwaka huu. Kaa nawapenda, kuwachagua ndiyo shida. Jumamosi nilinunua mmoja mkubwa, rangi ya tope lenye ukijani. Kumvunja, maji matupu! Leo kijana wa jirani kaniletea wawili wa buluu wenye mwiba mrefu kila ubavu, na kadogo kamoja ka madoa mekundu alikokaokota mwambani. Wote wanaliwa? Sufuria iko jikoni inachemka.

MzeeWaDema
Huyo wa madoa mweke kando kwanza. Tazama ncha za magando. Kama ni nyeusi, mithili ya zilizochovywa wino, mtupe. Kaa wa mwambani wa namna hiyo wamo wenye sumu ileile ya bunju, yule samaki anayejivimbisha, na hata ukichemsha mpaka kesho haitoki. Paka pia asipewe.

BiMikoko
Ahsante mzee wangu kwa kumuwahi. Mdogo wangu, yule wa Jumamosi ni kaa wa mikokoni, na kwangu mimi hakuna anayemfikia. Anachimba shimo kwenye tope la mikoko; huko delta ya Rufiji ndiko kwao. Wako alikuwa katoka kujivua gamba, hajajaa nyama. Siku nyingine mgeuze chali, bonyeza kwa kidole gumba karibu na miguu. Pakibonyea, muachie muuzaji kaa wake. Pakiwa pagumu kama kigae, lipa. Kifuniko cha tumboni kikiwa chembamba ni dume, ana magando manene. Kikiwa kipana cha mviringo ni jike. Mwenye mayai nje mimi simnunui.

MzeeWaDema
Wa buluu ni halali yako. Wanakaa mchangani na penye majani ya bahari, miguu ya nyuma bapa kama kasia. Hao wa buluu ni madume, majike yao yana ukahawia. Ila hawavumilii nchi kavu. Wa mikokoni ukimfunika gunia bichi anakaa hata siku mbili. Hawa wanakufa upesi na kuharibika upesi.

MgeniPwani
Ncha nyeusi tii! Nimeshamfukia. Lakini mmoja wa buluu nimemgusa macho, hachezi. Waliletwa tangu asubuhi.

BiMikoko
Mfukie na huyo. Mzima mtie ndimu na chumvi.