Wakuu naombeni ushauri: matangazo ya SACCOS yetu ni marefu na bado watu hawaelewi

Katibu_Mgeni (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Nimekabidhiwa ukatibu wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) yenye wanachama 410. Matangazo tunatuma kwa SMS, na muhtasari wa kikao cha bodi unafika kurasa 9. Wanachama wanapiga simu kuuliza mambo ambayo naamini yameandikwa, na bili ya SMS inapanda kila mwezi. Hili hapa ni tangazo ambalo bado halijatumwa:

"Uongozi wa chama unapenda kuchukua fursa hii kuwataarifu wanachama wote kwamba kutakuwa na zoezi la uhakiki wa taarifa za wanachama ambalo litafanyika katika ofisi za chama kuanzia Jumatatu ijayo, hivyo basi kila mwanachama anaombwa kuweza kufika ofisini akiwa na nyaraka zake zote muhimu kwa ajili ya kufanikisha zoezi hilo, na ikumbukwe kwamba mwanachama ambaye hatafanyiwa uhakiki anaweza kukosa huduma ya mkopo kwa namna moja ama nyingine. Muda ni kuanzia saa 2 hadi saa 8."

Nikate wapi bila kupoteza maana? Nikifupisha, wazee hawataona nimewakosea adabu? Na muhtasari wa kikao nao unafupishwaje?

KalamuFupi

Mkuu, kabla hujakata neno lolote, chukua karatasi uandike maswali ambayo mwanachama atakupigia simu kuyauliza: nifanye nini, wapi, lini, nije na nini, nisipofanya itakuwaje. Halafu yatafutie majibu humo humo kwenye tangazo lako.

"Nyaraka zake zote muhimu" ni zipi? Mmoja ataleta hati ya nyumba, mwingine atakuja mikono mitupu. "Jumatatu ijayo" ni ipi? Anayesoma Ijumaa na anayesoma Jumatatu yenyewe asubuhi hawataelewa siku moja. Umetaja siku ya kuanza, ya mwisho hujataja. "Saa 2 hadi saa 8": mwenye kuangalia saa ya simu, 8 yake ni asubuhi, kwa hiyo anaweza kuja wakati mnafungua akidhani mnakaribia kufunga. Ukiandika saa, iandamane na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Neno moja hilo linaokoa simu nyingi.

Pabaya zaidi ni pale mwisho: "anaweza kukosa huduma ya mkopo kwa namna moja ama nyingine". Hapo tatizo si la mwandishi. Bodi haijaamua adhabu ni nini, na sentensi inawafichia. Rudi kwao uulize: hapati mkopo, au unachelewa? Mkopo mpya tu, au hata ule anaoendelea kuulipa? Ukikuta sentensi haifupishiki kila ukijaribu, mara nyingi ni kwamba uamuzi wenyewe haupo.

Baada ya hapo ndipo ukate. "Unapenda kuchukua fursa hii kuwataarifu" yote inaondoka, kwa sababu kutuma tangazo ndiko kutaarifu kwenyewe. "Zoezi la uhakiki litafanyika" ni kitenzi kimoja kilichogeuzwa jina, kikatafutiwa "zoezi" na "fanyika" vya kukibeba. Sema "uhakiki" au "hakiki", basi. Ndugu zake ni "kufanya malipo" (kulipa), "kufanya maamuzi" (kuamua), "kufanyiwa ukaguzi" (kukaguliwa). "Anaombwa kuweza kufika": humwombi aweze, unamwomba afike. "Hivyo basi" na "ikumbukwe kwamba" ni pumzi za mtu anayehutubia, kwenye maandishi hazina kazi.

Jaribio la kwanza, nikikisia tarehe:

"Njoo ofisi ya SACCOS uhakiki taarifa zako Jumatatu 9 hadi Ijumaa 13 Machi, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Leta kitambulisho na kitabu. Usipohakiki, hupati mkopo."

Kutoka maneno 74 hadi 27, na maswali yote matano yamejibiwa.

Fundi_Ujumbe

Nimehesabu ya KalamuFupi, nafasi na alama zikiwemo: 163. Imezidi 3, na hizo 3 zitakugharimu sawa na SMS nzima.

SMS moja inabeba herufi 160. Ukizidisha, ujumbe unakatwa vipande, na kila kipande kinabaki na nafasi ya 153 tu, kwa kuwa sehemu inaliwa na maelezo ya kuviunganisha vipande kwenye simu ya mpokeaji. Tangazo lako la awali lina 477, yaani vipande 4. Mara wanachama 410, unalipia 1,640 badala ya 410.

Sasa sikiliza hili, maana huenda ndilo linaloipandisha bili. Kiwango cha 160 ni kwa herufi za kawaida za simu. Ikiingia alama moja tu iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine: SMS moja inashuka hadi herufi 70, na vipande vya ujumbe mrefu vinakuwa vya 67. Tangazo lako la 477 lingekuwa vipande 8. Alama zenyewe ni ndogo, huwezi kuzigundua kwa macho:

- Ritifaa (alama ya juu kwenye ng') iliyojikunja. Ukiandika ng'ombe, Ng'ambo au ng'oa kwenye Word, programu inaibadilisha ile ritifaa iliyonyooka kuwa ya mviringo. Kwa Kiswahili chetu hiki chenye ng' kila kona, huu ndio mtego mkubwa.
- Alama za kunukuu za mviringo. Kisa ni kile kile.
- Kistari kirefu. Unaandika 9 - 13 kwa kistari kifupi, Word inakirefusha yenyewe.
- Emoji yoyote ile.

Andika kwenye programu ya maandishi matupu kama Notepad, au bandika humo kwanza na ubadilishe kila alama kwa mkono. Mfumo wa kutuma SMS kwa wingi kwa kawaida unaonyesha idadi ya herufi na vipande. Ukiona kikomo kimeruka kutoka 160 kwenda 70, tafuta mhalifu kabla ya kubonyeza tuma. Mabano ya mraba nayo yanahesabiwa mawili mawili, afadhali kuyaepuka.

Kama mna kundi la WhatsApp, huko kikomo si tatizo ila ujumbe mrefu unakunjwa na sehemu ya chini inafichwa mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo tendo na tarehe viwe mstari wa kwanza, salamu zifuate.

Mama_Hazina

Ndugu katibu, "kitambulisho" bado kina utata. Kadi ya mpiga kura ni kitambulisho, leseni ni kitambulisho. Kama mnachotaka ni NIDA (kitambulisho cha taifa), itajwe. Ila usiandike "kadi ya NIDA", kwa sababu wapo wenye namba ambao kadi haijawafikia, nao watadhani hawahusiki. "Namba ya NIDA" inawachukua wote, maana mwenye kadi namba anayo.

Na "ofisi ya SACCOS" inaweza kuwa "ofisini" kama mna ofisi moja na jina la chama linatokea kama mtumaji wa SMS. Kama mnatuma kwa namba ya kawaida ya simu, jina la chama lazima liwemo, la sivyo mtu atadhani ni matapeli. Hapo usibane.

Mwalimu_wa_Sarufi

Naongezea upande wa lugha. Kiswahili kinabana sana chenyewe: "hatutawalipa" ni neno moja lenye mtenda, ukanushaji, wakati na mtendwa. Wanaoandika "sisi hatutaweza kufanya malipo kwao" wamekifungua kifurushi kilichokuwa kimefungwa vizuri.

Lakini si kila ufupisho ni salama. Watu wanashauriana waue "amba-" kila mahali. "Mwanachama ambaye anakopa" kuwa "anayekopa", sawa, maana haikupotea. "Wanachama ambao hawajalipa hadi 31 Desemba" kuwa "wasiolipa", hapo umepoteza kitu: -si- ya urejeshi haibebi wakati. "Wasiolipa" wanaweza kuwa hawalipi kwa kawaida, hawakulipa, au hawatalipa. Kwenye kanuni yenye tarehe na faini, iache "ambao hawajalipa". Inakula nafasi, lakini inazuia ugomvi.

Sentensi tatu zinazoleta balaa kwenye nyaraka za vyama:

"Mtoto wa mwanachama aliyefariki atalipwa." Nani amefariki? Mtoto na mwanachama wote ni ngeli moja, "aliyefariki" inamfaa yeyote. Andika: "Mwanachama akifariki, mtoto wake atalipwa." Ni fupi vile vile na haina njia mbili.

"Mweka hazina alimweleza mwenyekiti kuwa barua yake imepotea." Barua ya nani? Rudia cheo: "barua ya mwenyekiti". Kurudia jina si kosa la uandishi, hata kama shuleni walikukataza.

"Wanachama wote hawakuhudhuria." Hakuja hata mmoja, au walikuja baadhi? Weka idadi: "Walihudhuria 63 kati ya 410."

Bint_Mwambao

Kwenye heshima nina neno. "Njoo" kwa mtu mzima inakwaruza. Hapa pwani mzee akipokea "njoo ofisini" ataona ameitwa kama mtoto, na anaweza asije kwa hilo tu. "Fika" ina herufi nne kama "njoo" lakini haina ukali huo. Hulipii hata herufi moja zaidi.

Adabu haimo kwenye urefu. Mzee anaheshimiwa kwa kuandikiwa tarehe ya wazi asije akapanda daladala bure. Maneno "tunakuomba kwa heshima na taadhima" yaweke kwenye barua ya mwaliko wa mkutano mkuu, mara moja, mwanzoni. Na "tafadhali" ukipata nafasi iweke, ukikosa, "fika" inatosha.

Katibu_Mgeni (mleta uzi)

Nashukuru sana. Nimewauliza bodi na wamejibu: mkopo mpya hautolewi mpaka mtu ahakikiwe, mkopo unaoendelea hauguswi. Tarehe ni hizo hizo 9 hadi 13 Machi. Ofisi ni moja na jina la chama linatokea kwenye SMS.

KalamuFupi

Vizuri, basi neno "mpya" haliepukiki. Wenye mikopo inayoendelea wangeshtuka bila sababu, na simu zingerudi pale pale. Nimeondoa "saa" ya pili, kwa kuwa "mchana" inatosha kuonyesha kwamba 8 ni saa:

"Fika ofisini uhakiki taarifa zako Jumatatu 9 hadi Ijumaa 13 Machi, saa 2 asubuhi hadi 8 mchana. Leta namba ya NIDA na kitabu. Usipohakiki, hupati mkopo mpya."

Herufi 157. Jina la siku na tarehe usitenganishe hata ukibanwa. Vikiwa pamoja vinakaguana: ukikosea tarehe, kuna atakayeona kwamba Jumatatu haiangukii hapo.

Kabla ya kutuma, mpigie mtu asiyejua habari hizi, msomee mara moja, kisha muulize aje lini na aje na nini. Akisita popote, rekebisha hapo hapo alipositia.

Fundi_Ujumbe

Nimehesabu, ni 157 kweli. Kipande kimoja.

Mkaguzi_Mstaafu

Nijibu la muhtasari, maana hapo ushauri wa kufupisha unaweza kukuponza. Muhtasari ni ushahidi. Mkaguzi akija, ndio anaotumia kujua nani aliidhinisha nini. Kwa hiyo kuna vya kukata na vya kutogusa.

Kata mazungumzo. "Mjumbe alisimama akasema, mjumbe mwingine akamuunga mkono, mwenyekiti akawashukuru kwa michango mizuri": hizo ndizo kurasa 6 kati ya 9 zako. Kwa kila ajenda andika hoja kwa sentensi moja au mbili, sababu kuu kama zilipingana, kisha azimio.

Azimio liwe na mtu, tendo, kiasi na tarehe. Linganisha:

"Baada ya majadiliano ya kina wajumbe kwa pamoja waliazimia kwamba hatua stahiki zichukuliwe haraka iwezekanavyo dhidi ya wadaiwa sugu."

"Afisa mikopo awaandikie barua wadaiwa 14 waliopitisha siku 90, kabla ya tarehe 30 Aprili."

Ya kwanza kikao kijacho kwenye "Yatokanayo" haitakuwa na wa kuulizwa. "Zichukuliwe" na nani? Vitenzi vya -wa vinamficha mtenda, na kwenye azimio mtenda ndiye kila kitu. Chora jedwali la safu tatu mwishoni: azimio, mhusika, tarehe. Kikao kijacho mnaanza na jedwali hilo.

Vya kutogusa: mahudhurio na waliotoa udhuru, akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao), idadi ya kura za ndiyo na hapana pale mlipopiga kura, jina la mjumbe aliyetaka upinzani wake uandikwe, na mjumbe aliyetoka nje kwa sababu mkopo unaojadiliwa ni wa ndugu yake. Fedha iandike kwa tarakimu na kwa maneno: "Sh 1,250,000 (milioni moja laki mbili na nusu)". Usiandike "fedha hizo" au "kiasi tajwa" kwenye ukurasa mwingine, rudia namba. Muhtasari husomwa kipande kipande, na anayesoma ajenda ya 7 miaka miwili baadaye hataipekua ajenda ya 3.

Katibu_Mgeni (mleta uzi)

Asante mzee wangu. Na "Mengineyo"? Huku kwetu ndiko kunakoshika kurasa mbili nzima.

Mkaguzi_Mstaafu

Mwanzoni mwa kikao, wakati wa kupitisha ajenda, mwenyekiti aulize nani ana jambo la mengineyo na uliandike kichwa chake hapo hapo. Litakaloibuka baadaye lihamie ajenda za kikao kijacho, na kwenye muhtasari linapata mstari mmoja: jambo, aliyelileta, kikao litakakojadiliwa. Jambo la fedha lisiamuliwe kamwe chini ya "Mengineyo". Wajumbe hawakuarifiwa kabla, na mkaguzi ataanza kuuliza hapo.