Kamera kwenye gari la maharusi: nitengeneze kwa fundi ama ninunue ventuzi?

kamera_ya_himbi
Wakubwa, salamu. Niko na ndoa Jumamosi ya wiki ijayo hapa Goma. Komite wanataka video ya kortege (msafara wa magari ya harusi) kama ile waliyoiona kwenye simu ya mtu: kamera iko mbele ya gari la maharusi, inatazama nyuma, unaona maua ya kapo (boneti), kioo, na bwana na bibi harusi wakicheka ndani huku gari linatembea. Tunatoka Katindo, tunazunguka Rond-point Chukudu kwa ajili ya picha, kisha tunaingia ukumbini Himbi. Kuna jamaa Gisenyi anauza ventuzi, kile kishikio cha vikombe vya mpira vinavyonata, ya vikombe vitatu dola 45. Kuna fundi wa kuchomelea Birere anasema atanifungia chuma kwa dola 20, vyuma nilete mwenyewe. Ama nipige ubao na kamba tu, basi. Nyinyi mngeshika njia gani? Jibuni haraka, avansi (malipo ya awali) nimeshaila nusu.

fundi_wa_kadutu
Kamera gani? Gari gani? Usukani uko kulia ama kushoto? Umeandika kama vile sisi sote tulikuwa kwenye hicho kikao cha komite.

motari62
Na barabara gani hasa? Lami najua. Lakini ukumbi ukiwa nyuma kidogo, kwenye yale mawe ya volkano, hata meno yako yatatikisika, sembuse kamera.

mama_picha
Mwanangu, hiyo nusu ya avansi uliyokula ndiyo ingekuwa ventuzi. Haya, tuendelee.

kamera_ya_himbi
Poleni wakubwa. Kamera ni Canon 700D na lenzi yake ile ya 18-55. Gari nadhani ni RAV4, usukani kulia. Mita mia moja hivi za mwisho ni mawe, ndiyo.

fundi_wa_kadutu
"Nadhani." Sawa.

Kamera hiyo na lenzi yake haifiki kilo moja, ni kama gramu 800. Uzito si tatizo. Tatizo la kwanza ni buloni, boliti inayoshika kamera, na hapa ndipo watu wanaua kamera zao. Tundu la chini ya kamera si la milimita. Ni la inchi, robo inchi, meno 20 kwa kila inchi. Ukienda sokoni kuomba "buloni ya sita" utapewa M6, na ukiitazama kwa macho utasema ni hiyo hiyo. Sivyo. Robo inchi ni milimita 6.35, na meno yake yameachana zaidi. M6 itaingia mizunguko miwili mitatu ikiwa inacheza, halafu itakaza, nawe utafurahi ukidhani imeshika. Kumbe inakula meno ya kamera. Gari likitikisika dakika kumi, kwisha.

Tafuta trepie (stendi ya miguu mitatu) iliyokufa, kila studio inayo moja kwenye kona, ung'oe vis (skrubu) yake. Na angalia urefu: ndani ya kamera ingia milimita tano tu, usizidishe. Nimeona mtu amekaza buloni ndefu kwa funguo mpaka ikatoboa chini.

lushi_video
Mie niko Lubumbashi, na ninawaambia bila kuzunguka: nunua ventuzi. Nimefunga yangu kwenye kapo kutoka Lushi mpaka Likasi, kilomita 120, dereva hakupunguza hata pale nilipomwomba, na haikuachia. Vyuma vya kuchomelea ni vya mageti ya nyumba. Utakwaruza rangi ya gari la watu, halafu baba ya bwana harusi atakutafuta wewe, hatamtafuta fundi.

motari62
Yaya, wewe uko na lami na vumbi jekundu linalofutika. Huku vumbi ni jiwe lililosagwa. Unapangusa gari asubuhi, saa nne unaweza kuandika jina lako juu ya kapo. Ventuzi inashika vumbi, haishiki gari.

mwalimu_wa_hesabu
Kuna jambo jingine. Ventuzi hainyonyi kitu, ni hewa ya nje ndiyo inayoisukuma kwenye kioo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Nguvu inapungua kama asilimia 15 hivi ukilinganisha na pwani.

lushi_video
Lushi nako si pwani, mwalimu, tuko mita 1,200 na zaidi. Haikuanguka.

mwalimu_wa_hesabu
Sijasema itaanguka. Tupige hesabu basi. Kikombe cha sentimita 8 kina eneo la sentimita 50 za mraba. Pwani, hewa inasukuma kila sentimita ya mraba kwa karibu kilo moja, kwa hiyo ni kilo 50 ukitoa hewa yote. Goma zinabaki kama 42. Kamera yake haifiki kilo moja. Urefu wa mlima haumtishi mtu. Kinachoangusha ni hewa kurudi ndani polepole kupitia mstari wa vumbi mwembamba kuliko unywele. Kwa hiyo motari ana haki, ila sababu aliyotoa si hiyo.

motari62
Sababu niliyotoa ni vumbi. Na wewe umesema vumbi.

mama_picha
Acheni. Ngoja niwasimulie ya kwangu, maana naona mtoto anaelekea kulekule.

Ilikuwa Bukavu, ndoa ya watu wa Nguba. Sikutaka kununua ventuzi wala kumlipa fundi. Mdogo wangu alikuwa na bafle (spika) mbili zilizoungua, tukazivunja, tukatoa sumaku, nne kwa jumla, tukazipanga chini ya kibao na kuzishona kwenye kitambaa ili zisikwaruze rangi. Siku moja kabla, tukajaribu kwenye gari lenyewe. Tukaliweka upande wa kulia wa kapo. Wanaume wawili walivuta, kibao kikabaki pale pale. Nililala usingizi wa mfalme.

Asubuhi wamama wamepamba gari. Upande wangu wote wa kulia wameweka shada la maua kubwa kama godoro la mtoto, na mtu haondoi maua ya wamama wa harusi. Nikahamisha kibao upande wa kushoto. Kiligota "tap" kama kawaida, lakini sikukivuta. Tulipoanza kuteremka kutoka Nyawera, dereva akagusa breki kidogo tu, pikipiki ilikatiza, na kibao kikateleza kama sabuni kwenye sahani. Kamera ikaruka mbele. Gari letu wenyewe likapita juu yake.

Kumbe lile gari liligongwa mwaka wa nyuma. Upande wa kushoto fundi wa bodi alijaza mastiki, ile lami ya kuziba mabonde ya bodi, akapaka rangi, ukitazama huoni kitu. Sumaku ilikuwa inashika mastiki na kitambaa, chuma kiko chini kabisa. Kadi ilipona. Ina sekunde 11: mbingu, tairi, mbingu, halafu viatu vya mtoto anayekimbia kuja kuokota. Kamera ilikuwa ya shemeji. Nilimlipa miezi saba, na kila nilipompelekea pesa aliniuliza kama bado nina ile video.

Kwa hiyo funga kamba ya usalama. Ukichagua chochote kile, ventuzi, chuma, mate ya mtume, kamba moja inatoka kwenye kamera inaenda mahali pengine kabisa, kwenye bawaba ya kapo ama kwenye mlango. Si kwenye kibao kile kile.

kamera_ya_himbi
Pole sana mama. Sasa nimeogopa. Gari la RAV4 nalo huenda limepigwa mastiki?

fundi_wa_kadutu
Gonga kwa kidole. Chuma kinalia, mastiki inanyamaza. Na kuna magari yenye kapo ya alumini, hapo hata sumaku ya bafle la kanisa haishiki. Lakini mama amesema kweli kuhusu kamba, hilo tusibishane.

Halafu nilikuuliza usukani kwa sababu: huku tunaendesha mkono wa kulia wa barabara na dereva wako ameketi kulia. Tayari kuona mbele ni kazi. Ukimwekea kamera mbele ya uso utakuwa na video ya ajali. Iweke kushoto, chini, lenzi ikitazama juu kidogo.

motari62
Mimi nina pendekezo na msinicheke. Achana na wachomeleaji, nenda kwa watengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Wale jamaa wanajua kitu ambacho nyinyi hamjui: chombo kinachotembea juu ya mawe hakipaswi kuwa kigumu. Chukudu inateremka kutoka Kibumba na kabichi ambazo wewe huwezi kuzipakia kwenye RAV4 yako, mti mtupu wa mkaratusi, gurudumu la mti limevalishwa kipande cha tairi, na haivunjiki. Chukua ubao, chini pigilia tairi la piki, juu yake vuta mpira wa ndani wa tairi mara tatu, kamera ikae hapo.

lushi_video
Kwa hiyo maharusi wapande chukudu.

motari62
Kuna chukudu ya dhahabu katikati ya mji, gari lenu la ventuzi lina sanamu wapi?

mwalimu_wa_hesabu
Motari amegusa jambo la maana. Kuna mitikisiko ya aina mbili. Mawe yanarusha gari lote juu na chini polepole. Injini inatetemesha chuma haraka haraka. Kamera kama 700D inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mtetemo wa injini ukiifikia, kioo cha gari kitayumba kama uji kwenye sahani. Mpira unakula mtetemo wa injini. Lakini mpira laini kupita kiasi, na mkono mrefu, utaacha kamera icheze yenyewe kwenye mawe. Mpira mwembamba, mkono mfupi, miguu mitatu iliyoachana.

fundi_wa_kadutu
Hapo tunakubaliana. Mtikisiko wa mawe uupunguze kwa njia nyingine: dereva aende kilomita 15 kwa saa, wewe rekodi kwa ubora wa 720, picha 50 kwa sekunde, halafu punguza mwendo nusu ukiwa unahariri. Utaona kila kitu kinaelea. Na zima kile kitufe cha kutuliza picha kwenye lenzi, mimi huzima. Kikianza kupigana na gari, picha inavutwa huku na huku kama mtu anayesinzia kanisani.

mama_picha
Na kwenye mawe, zima kamera. Nani anataka kuona shangazi akirukaruka? Chukua ya mkononi mlangoni.

bibi_wa_minova
Mimi si mpiga video ila mume wangu alikuwa. Alikuwa anashona mfuko wa jinzi wa kilo tatu, anajaza maharage, anauweka juu ya dashibodi, kamera anaikandamiza katikati. Haukuteleza hata siku moja kwenye barabara ya Sake, na mnakumbuka barabara ile. Gharama yake ni jinzi iliyochanika.

lushi_video
Maharage yanashika? Si mchanga?

bibi_wa_minova
Mchanga unavuja, chembe moja ikiingia kwenye lenzi unaisikia ikisaga. Mchele unajikaza kama jiwe. Maharage.

motari62
Maharage gani? Yale madogo ama yale makubwa ya rangi?

bibi_wa_minova
Madogo.

fundi_wa_kadutu
Lakini mama, mfuko wa dashibodi unaonyesha barabara mbele. Yeye anataka nyuso za maharusi, nao wameketi nyuma. Bora bomba: viti vya mbele vina vile vyuma viwili vinavyoshika kichwa cha kiti. Laza bomba la maji kutoka kiti cha dereva mpaka cha abiria, ulishike kwa kola za bomba (vibanio) na mpira ndani ya kola, kamera iko katikati inatazama nyuma. Haliangushwi na vumbi, halijui mastiki, mvua ikinyesha unaendelea. Fundi wako wa Birere atafanya kwa dola 10.

lushi_video
Na utakosa kapo, maua, na mji wote. Komite walitaka maua.

mama_picha
Komite walitaka. Je, walimaliza kulipa? Siku hizi wanakupa nusu, salio "baada ya kuhesabu bahasha". Bahasha zinahesabiwa mwezi mzima.

motari62
Mimi nilisindikiza kortege na piki kumi mwezi wa nne, hadi leo wananiambia mweka hazina amesafiri.

mama_picha
Mweka hazina husafiri siku zote. Andikisha karatasi, mwanangu, na asaini mjomba, asisaini bwana harusi.

kamera_ya_himbi
Aksanti wote. Habari mpya: si RAV4 tena. Familia ya bibi harusi wamesema ni Prado ya mjomba, na mbele ina lile lichuma kubwa la kinga. Fundi wa Birere alikuwa ameshakata vyuma kwa kipimo cha RAV4, anataka dola tano za ziada. Kamba nimenunua. Vis ya trepie nimepata pia, jirani aliniuzia franki 5,000. Sasa nifunge kwenye hicho chuma cha mbele ama nifanye bomba la viti?

fundi_wa_kadutu
Chuma cha mbele kiko chini, utapata taa na maua, nyuso hutapata. Shika kwa mkono hicho chuma injini ikiwaka. Kikitetemeka, sahau.

lushi_video
Kapo ya Prado ni pana na haina mastiki ya Bukavu. Ventuzi. Gisenyi ni hapo tu.

mama_picha
Mastiki ya Bukavu!

teksi_ya_majengo
Samahani kuingilia. Mimi nina teksi, nataka kufunga simu mbele irekodi nikigongwa, maana wananigonga halafu wanasema ni mimi. Ile ya maharage itafanya?

fundi_wa_kadutu
Simu gani? Na usukani uko upande gani?