Mrejesho: injini ya mvuke isiyo na valvu sasa inazunguka

Ndugu zangu, niliuliza hapa kwa nini injini yangu ndogo, ile ambayo silinda huyumba kwenye egemeo na kujifungulia mvuke yenyewe, ilikuwa ikivujisha mvuke bila kuzunguka. Waliosema kosa limo katika matundu ya kupitishia mvuke, wala si katika springi inayobana silinda kwenye bamba lisilosogea, niliyokuwa nikiisumbua bure, walikuwa sahihi. Mkono wa krenki, yaani kipande kinachogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, una milimita 10, na kutoka kitovu cha krenki hadi egemeo ni milimita 50. Kwa hiyo tundu la silinda, lililo milimita 20 kutoka egemeo, huyumba milimita 4 kila upande. Mimi nilikuwa nimetoboa matundu ya bamba milimita 2.5 tu kutoka mstari wa kati, yote yakiwa na kipenyo cha milimita 3, hivyo pistoni ilipofika mwisho wa mwendo wake mvuke ulipita moja kwa moja kutoka tundu la kuingizia hadi la kutolea. Fundi mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, alinikatia bamba jipya la shaba ya njano, nami nikatoboa kwenye milimita 4 na kusugua nyuso zote mbili hadi zikakaa sawasawa. Inazunguka vizuri, ingawa kuianzisha bado kwahitaji kidole.