Naomba ushauri: spesa za gurudumu la nyuma, pikipiki ya spoti

Ndugu zangu, habari za leo. Niko hapa Goma, naendesha Honda CBR600RR. Juzi nilitoa gurudumu la nyuma kubadilisha tairi, nikakuta spesa (ile pete ya chuma inayokaa kwenye ekseli, kati ya gurudumu na fremu) ya upande wa cheni imelika. Pale midomo ya sili (raba ya kuzuia vumbi) inapogusa kuna mfuo, ukipitisha ukucha unanasa kabisa. Ndani ya sili, grisi imeshakuwa tope jeusi. Vumbi letu hili la mawe ya volkano linasaga chuma kama msasa.

Fundi mmoja ananiambia atakereza nyingine kwa alumini, kesho niichukue. Naogopa. Spesa ikipungua hata nusu milimita, gurudumu linasogea, cheni na sproketi haziko tena kwenye mstari mmoja. Na uso wake usipokuwa sawasawa, ekseli ikikazwa inakandamiza beringi vibaya. Mimi nampakia mke wangu kwenda Sake kila Jumapili, siwezi kubahatisha.

Dukani mtandaoni naona za alumini ya 7075, nyingine 6061 (namba za aina za alumini), nyingine chuma cha pua. Najua 7075 ni ngumu kuliko 6061, lakini kwa vumbi hili, si afadhali chuma cha pua hata kama ni kizito kidogo? Nani ametumia hizo zinazojishika ndani ya sili zisidondoke? Na ninapopima ile ya zamani kwa kalipa (kile kifaa cha kupimia unene), nipime wapi, maana imeshalika?

Nisaidieni kabla sijalipa.