Tupeane uzoefu: bima ya duka, ulilipa ngapi na ilikusaidia nini?

Wakuu, salaam. Nina fremu ya viatu Kariakoo na kastoo kadogo ghorofani. Tangu soko liungue Julai 2021 kila mwaka nasema nitakata bima, nitakata bima. Wiki hii dalali kaniletea bei mbili: ya mzigo wa milioni 40, ambao ndio nilio nao, na ya milioni 10 "ya kuanzia". Kwa asilimia 0.3 aliyonipa, ya kwanza ni 120,000, na VAT ya 18% inafika 141,600. Ya pili 35,400, VAT ikiwa ndani. Moyo unaenda kwenye ya pili. Mliowahi kukata, hasa mliowahi kudai, semeni. Wa "bima ni wizi" bila kusimulia yaliyomkuta, apite tu.

MUUZA VITENGE
Mkuu, usiguse hiyo ya pili. Nilikuwa na mzigo wa milioni 24, nikakata ya milioni 8. Shoti ya umeme saa tisa usiku ikala rafu za upande mmoja. Hata doti zilizopona zilinuka moshi, mteja anashika, ananusa, anarudisha. Hasara milioni 6. Nikajua nalipwa zote, si bima yangu ni ya 8? Mtathmini akaja na daftari, akahesabu mpaka mzigo ambao haukuungua. Halafu akaniambia taratibu: mama, ulikata bima ya theluthi ya mzigo, na hasara utalipwa theluthi. Milioni 2, na humo wakatoa ile sehemu ya kwanza unayobeba mwenyewe. Hati ilikuwa imeandika hayo yote. Mimi nilisoma bei.

SPEA ZA PIKIPIKI
Yangu ilikuwa ya wizi. Kijana wa dukani alifungua kwa funguo zake, akabeba, akafunga vizuri kabisa, akapotea. Polisi nilikwenda, RB ninayo hadi leo. Bima wakauliza: kufuli limevunjwa? Mlango? Hakuna. Basi hakuna malipo, maana yangu ilikuwa ya wizi wa kuvunja. Wizi wa mfanyakazi una bima yake nyingine. Iliniuma, lakini ndivyo nilivyosaini.

MWENYE MKOPO
Angalia na benki yako. Mimi walinikata bima ya moto humo humo kwenye mkopo, sikujua, nikaenda kukata nyingine ya mzigo ule ule. Miaka miwili nalipa mara mbili. Na ukiungua hulipwi mara mbili, kampuni zinagawana hasara ile ile moja. Omba nakala ya hati benki, uone imekata nini. Ya kwangu ilisoma jengo na mzigo, na wa kwanza kulipwa ni benki.

DEREVA BAJAJI
Sina duka ila nichomekee. Wakala aliniuzia bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga, kwa bei ya kirafiki. Niliposimamishwa, namba ya stika haipo kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini. Kumbe feki. Ingiza namba mwenyewe kabla hujampa mtu hela.

MLETA MADA
Asanteni. Swali: kuna njia ya halali ya kushusha hiyo 141,600? Na kulipa kidogo kidogo je?

MUUZA VITENGE
Kidogo kidogo sahau, ada isipolipwa bima haijaanza. Kushusha, mimi nilikubali kubeba kiwango kikubwa zaidi cha hasara ndogondogo, ada ikapungua. Nikaita fundi akabadilisha waya zote, nikanunua mtungi wa kuzimia moto, dalali akapiga picha akapeleka. Wakapunguza tena kidogo, si nyingi. Na kama mzigo wako unapanda msimu wa sikukuu tu, waambie waongeze kiwango kwa miezi hiyo. Usikate cha Desemba mwaka mzima. Weka na risiti za kununulia mzigo nyumbani, usiziache dukani. Zangu ziliungua na vitenge.

MLETA MADA
Hilo la risiti limenishtua. Zangu zote ziko kwenye boksi la raba, chini ya kaunta. Nazihamisha leo jioni, kesho nikahesabu mpaka kandambili za stoo kabla sijamrudia dalali.