Makisio ya vitanda vya mahututi: yatangazwe kwa wananchi au yabaki kwa wataalamu?

Mleta mada (Kinondoni): Ndugu zangu, ugonjwa wa mlipuko unapoanza nchi jirani, wataalamu hukisia ni wangapi wataugua, wangapi watalazwa, na wangapi watahitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Mimi ninaona makisio hayo yatangazwe kwa wananchi mapema, kwa sababu mgonjwa hafiki mahututi siku anapoambukizwa. Tangu dalili zianze, UVIKO-19 ulichukua wiki moja hadi mbili hivi kumfikisha huko, kwa hiyo anayesubiri wodi ijae ndipo aagize mitungi ya oksijeni atakuwa amekwisha kuchelewa. Mnasemaje?

Mzee wa Temeke: Ninapinga. Hao wapiga ramli wenye kompyuta tumeshawaona. Mwaka 2020 chuo kimoja cha London kilitabiri kwamba Waingereza nusu milioni watakufa, wakakimbilia kugeuza ukumbi wa maonyesho wa ExCeL kuwa hospitali ya vitanda 4,000, na katika wimbi la kwanza wakatibiwa humo wagonjwa wasiofika mia moja. Sisi Waafrika nasi tuliambiwa maiti zitalala barabarani.

Mwalimu wa takwimu: Shikamoo mzee. Neno "ramli" limenichoma, kwa kuwa nimefundisha takwimu miaka ishirini na sijawahi kumdai mtu kuku mweusi. Chuo unachokisema ni Imperial College, na ripoti yake ilitoka Machi 16, 2020, siku ileile Wizara yetu ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Ilisema vifo vya Uingereza vingefika 510,000 iwapo hakuna hatua yoyote ambayo ingechukuliwa. Wiki iliyofuata nchi ile ikajifungia, na bado kwa miaka iliyofuata imezika zaidi ya watu 200,000. Huwezi kulifuta neno "iwapo" kisha ukamshtaki aliyeliandika.

Mzee wa Temeke: Marahaba, mwanangu. Kuku sikumtaja mimi. Lakini hiyo "iwapo" ndiyo kinga ya mpiga ramli pia: mgonjwa akipona, dawa imefanya kazi, akifa, hakufuata masharti. Utabiri usioweza kushindwa nitaupimaje?

Mwalimu wa takwimu: Unaweza kushindwa, na umewahi kushindwa mchana kweupe. Taasisi ya takwimu za afya ya IHME, ya Seattle, ilikuwa ikitoa makisio ya vitanda, vyumba vya mahututi na mashine za kupumulia kwa kila jimbo la Marekani. Mwanzoni mwa Aprili 2020 ilikisia vifo kama 60,000 nchi nzima hadi Agosti, na idadi hiyo ikapitwa kabla Aprili haijaisha. Angalia kosa lilielekea wapi, mzee: lilikuwa la kukisia pungufu, wakati wewe unawashutumu kwa kutia chumvi.

Mzee wa Temeke: Basi mara wanazidisha, mara wanapunguza. Umenisaidia kesi yangu.

Muuguzi (Ilala): Shikamooni. Mnabishana juu ya idadi ya vifo, wakati mleta mada aliuliza habari za vitanda, na kitanda cha mahututi si chuma na godoro. Ukumbi wa ExCeL uligeuzwa hospitali kwa siku tisa na ulikuwa na nafasi tele, ila mgonjwa aliye kwenye mashine kwa kawaida huhitaji muuguzi wake peke yake, naye muuguzi huyo hajengwi kwa siku tisa. Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko mnavyoifanya. Wakilazwa mahututi watu 10 kwa siku na kila mmoja akikaa siku 10, mnahitaji vitanda 100. Wakikaa siku 15, mnahitaji 150 ingawa idadi ya wanaoingia kila siku haijaongezeka hata kwa mmoja. Mwaka 2021, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, mashine zilikuwapo, mtungi uliobaki zamu ile ulikuwa mmoja, na ndugu wa wagonjwa wawili walikuwa wamekaa benchi moja.

Mfanyabiashara (Kariakoo): Pole dada. Hata hivyo, mimi ninawajua watu wa soko. Mwaka 2020 vitakasa mikono vilipanda bei mbele ya macho yangu, na sitajifanya kwamba mimi niliuza kwa bei ya jana. Mkitangaza Jumatatu kwamba mitungi itapungua, Jumatano wenye fedha watakuwa nayo chini ya vitanda vyao.

Mleta mada (Kinondoni): Kwa hoja hiyo hata Mamlaka ya Hali ya Hewa ingekaa kimya. Mei 2024 ilitutangazia kimbunga Hidaya, tukajihadhari, na hakuna aliyedai kwamba tangazo lilileta hofu.

Mzee wa Temeke: Hidaya kiliishia Mafia, sisi Dar tukabaki na madirisha yaliyofungwa.

Muuguzi (Ilala): Na Mafia wanakaa watu, mzee wangu.

Mzee wa Temeke: Hilo nimelipokea, binti yangu. Ramli yao bado sitaki isomwe sokoni, hasa baada ya kumsikia huyu wa Kariakoo akijishitaki mwenyewe. Ila ule mtungi mmoja umenikaa kooni. Kabla ya kukisiwa ya kesho, ninataka kuona pamebandikwa mlangoni mwa hospitali ya wilaya yangu: leo ipo mitungi mingapi, na usiku huu wapo wauguzi wangapi wanaojua kuiendesha hiyo mashine?